Kunyanyua pikapu kuukuu: Mkulima wa Meru apime kwanza

MVUA za masika zinapoanza mwezi Machi, barabara nyingi za udongo zinazoshuka kutoka miteremko ya Mlima Meru hugeuka mifereji. Kwa mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, au wa mboga anayewahi soko la Tengeru siku ya Jumatano na Jumamosi, gari likikwama hasara huonekana siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana wenye pikapu za zamani, hususan Toyota Hilux na Land Rover, huzipeleka gereji za Arusha ili zinyanyuliwe. Mafundi wa jiji hilo ni wazoefu, kwani magari ya watalii yanayokwenda mbugani yamewazoesha kazi ya kuimarisha springi. Swali ni iwapo fedha anayotoa mkulima hurudi.

Jambo la kwanza linalosahauliwa ni kwamba springi mpya hunyanyua chesisi na bodi tu. Ekseli na difu hubaki pale pale, na mara nyingi difu ndiyo inayogonga jiwe au kukwama kwenye tuta la katikati ya njia. Difu hupandishwa na matairi makubwa, nayo kwa nusu tu: kipenyo cha tairi kikiongezeka sentimita 6, difu hupanda sentimita 3. Aidha, tairi kubwa huielemea injini iliyochoka inapopanda mlima.

Pili ni mzigo wenyewe. Njia ya bei nafuu ni kuongeza bapa la springi lililotolewa kwenye gari kubwa zaidi. Pikapu hunyanyuka kweli, lakini hurukaruka kwenye kila shimo. Nyanya zilizo chini ya tenga hupondeka kabla ya kufika soko la Kilombero, na mnunuzi hushusha bei. Anayebeba mbolea au magunia ya mahindi haumii hivyo.

Tatu ni usalama. Gari lililoinuliwa na kupakiwa matenga hadi juu hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona. Mipira ya breki huvutika, propela hufanya kazi kwa pembe kali, na usukani waweza kuanza kuyumba. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimlindi anayeendesha gari bovu, na kampuni ya bima ikikuta mabadiliko ambayo haikuarifiwa yaweza kukataa kulipa.

Hata hivyo, si kwamba kazi hiyo haina maana. Pikapu nyingi za umri wa miaka 20 na zaidi hazihitaji kunyanyuliwa, bali kurudishiwa kimo chake, kwa kuwa springi zimelala. Mwenye gari apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, gari likiwa tupu na kwenye sakafu iliyo sawa. Pande zikitofautiana, tatizo ni uchakavu.

Seti kamili ya springi za kimo cha awali, bushi mpya na shokapu nzima hutatua mengi. Anayetaka zaidi ya hapo asizidishe sentimita 5 hivi, na fundi akague mipira ya breki na propela kabla gari halijatoka gereji. Fedha itakayobaki inunue matairi yenye meno mazuri, kwani kwenye tope la Meru hayo ndiyo yanayolivuta gari.