Punda Naye Ana Jioni Yake

Mwezi wa Agosti, shule zilipokuwa zimefungwa na mahindi ya Trans Nzoia yangali mabichi shambani, nilijaaliwa kusafiri na binti yangu kutoka Kitale hadi Lamu, safari ya mabasi ya siku tatu iliyokoma kwa mashua pale Mokowe; na usiku wetu wa kwanza kisiwani, baada ya swala ya isha, tulipokuwa tukipapasa njia katika vichochoro vya mji ule ambamo watu wawili wakikutana mmoja hana budi kujibana ukutani, tulikabiliana na punda watano wasio na kamba shingoni, wasio na sogi mgongoni wala mchungaji nyuma yao, wakitembea kwa taratibu kama watu waliokwisha kula chakula cha jioni na sasa wanapunga upepo. Binti yangu alinishika mkono akauliza, “Baba, hawa ni punda-mwitu?” Nami nikamjibu kuwa ndiyo, kwa sababu tangu kuzaliwa kwangu karibu na Chwele, na katika miaka yote niliyoishi Kitale, sikupata kumwona punda ambaye hakufungwa na kitu.

Mzee aliyekuwa ameketi kwenye baraza ya nyumba yake alitusikia. “Sivyo, mwanangu,” akaniambia kwa upole. “Hawa wana wenyewe. Wametoka kazini, sasa wanatembea. Alfajiri utamkuta kila mmoja mlangoni kwao.”

Tulikaa Lamu siku sita, na maneno hayo mawili, wametoka kazini, hayakunitoka moyoni. Mchana niliwaona punda wale wale, au ndugu zao, wakipanda kutoka gatini na sogi zilizojaa mchanga, mawe ya matumbawe, saruji na boriti za mikoko, maana katika mji ule wa kale, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, njia nyingi ni nyembamba mno kwa gari, na nyumba haijengwi ila kwa mgongo wa punda. Kazi yao ni nzito, na sisemi kwamba wanaishi peponi. Wengine walikuwa na vidonda, na wengine niliwaona wakichokora jalala na kutafuna mifuko ya plastiki, uchafu ambao humletea punda msokoto wa tumbo unaoweza kumwua, kwani Mola hakumjaalia kutapika. Ilikuwa ni dhiki ya namna hiyo iliyomgusa Elisabeth Svendsen, mama wa Kiingereza aliyeanzisha hifadhi ya punda kwao Devon mwaka 1969, alipozuru kisiwa hicho. Na mwaka 1987 ikafunguliwa zahanati ya punda ufukoni mwa mji, wakatibiwa pasipo malipo. Lakini jua likitua, sogi huteremshwa, kamba hufunguliwa, na yule hayawani hubaki na nafsi yake. Niliwaona jioni moja wakijigaragaza mchangani, miguu juu, kisha wakisimama na kujikung’uta, na binti yangu akicheka kwa furaha ambayo sijamwona nayo siku nyingi.

Punda-mwitu hasa, yule asiyepata kuwa na bwana, ni kiumbe adimu kuliko tunavyodhani. Wataalamu wa nasaba waliochapisha utafiti wao mwaka 2022 walibaini kwamba punda wote wanaofugwa duniani asili yao ni moja, nayo ni huku kwetu Afrika ya Mashariki, miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Na jamaa zao waliobaki porini, katika majangwa ya Ethiopia na Eritrea, ni mamia machache tu. Wale wanaoitwa punda-mwitu katika visiwa vya mbali, kama Bonaire ya bahari ya Karibi, ni wajukuu wa punda waliopelekwa na Wahispania kubeba mizigo, kisha injini zilipokuja wakaachwa wajitafutie. Hao si huru kwa maana ya wale wa Lamu. Hao walitupwa.

Sasa nirudi kwetu. Magharibi ya Kenya si nchi ya kigeni kwa punda: Wakalenjin humwita sigiriet na Waturkana esikiria, majina yanayodhihirisha udugu wake wa kale na wafugaji wa nyanda hizi, na wazee wa Mlima Elgon watakusimulia jinsi punda alivyokuwa akiteremsha mizigo mahali ambapo gurudumu halikuweza kufika. Leo kazi yake Kitale ni mkokoteni. Huanza kabla ya jua kuchomoza kwa mitungi ya maji, akaendelea na mbao, mabati, majani ya ng’ombe, na msimu wa mavuno ukiwadia akavuta magunia ya mahindi kutoka mashamba ya Kiminini na Kwanza, gunia moja kilo 90, na magunia hayana idadi maadamu magurudumu yangali yanazunguka. Huko Chwele siku ya soko utamwona amesimama juani tangu asubuhi hali amefungwa mkokotenini, mzigo ukiwa umekwisha kuteremshwa au haujapakiwa, hana maji, hana kivuli, na hakuna mpita njia anayeona kuwa hapo pana jambo.

Nami nilikuwa mpita njia huyo. Mwaka jana nilimkodi kijana anibebee mahindi yangu, nikatazama magunia yakipandishwa mpaka punda akapiga magoti, nikanyamaza, nikalipa. Sikuona haya siku ile. Haya imenijia Lamu.

Simlaumu kijana. Aghalabu punda si wake: hukodishwa asubuhi na jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa mwenyewe, na kwa hesabu hiyo kila saa ya kumpumzisha punda ni chakula kilichopungua nyumbani. Wala hakuna aliyemfundisha kazi. Wengi humvika punda nira ya ng’ombe, ilhali ng’ombe ana nundu ya kuizuia na punda hana; nguvu zake zi kifuani, naye hutaka mkanda mpana uliofunikwa kwa kitambaa, si mti shingoni wala kamba ya nailoni inayokata ngozi. Na kwa kuwa punda ameumbwa kuficha maumivu, wenye kumtazama hudhani hana. Tuna methali isemayo afe punda, mzigo wa bwana ufike, nasi huitamka kama kwamba ni busara. Mimi naiona kuwa ni dhulma, na tena ni hesabu mbaya, kwani mzigo wa kesho utafikishwa na nani?

Kenya imekwisha kuona hesabu hiyo ikifanywa kwa ukubwa wa nchi. Machinjio ya punda yalipofunguliwa Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana, ili ngozi zipelekwe China zikachemshwe kuwa dawa iitwayo ejiao, punda wakaibwa usiku katika kaunti nyingi, na wenyewe wakakuta mabaki tu vichakani. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ilionyesha takriban milioni 1.2. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, basi hawezi kushindana na kisu. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua amri mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuukomesha barani kote.

Lakini kumwokoa punda na kisu kisha kumwacha afe kwa nira si insafu. Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeyataja maslahi ya wanyama kuwa wajibu wa kaunti, wala si hisani. Serikali za Trans Nzoia na Bungoma hutoza ushuru sokoni, na sehemu ya ushuru huo imeletwa na punda. Kwa hiyo naomba hori la maji na kivuli katika soko la Kitale na la Chwele. Daktari wa mifugo afike hapo kila siku ya soko. Vijana wa mikokoteni wafundishwe kushona mikanda ya kifua. Na iwekwe saa, tuseme saa kumi na mbili ya jioni, ambayo ikifika kila punda awe amefunguliwa.

Juma lililopita nilimpata kijana yule niliyemkodi mwaka jana. Nikamlipa ujira wa siku nzima kwa mzigo wa nusu siku, kwa sharti moja, na alasiri tukamfungua punda wake katika uwanja nyuma ya nyumba yangu. Kwa muda mrefu hakuondoka mahali alipofunguliwa, akisimama vile vile kana kwamba mkokoteni ungali nyuma yake. Kisha akapiga hatua moja, akanusa ardhi, akalala, akajigaragaza. Kijana akanitazama, akasema, “Mzee, miaka minne niko naye. Sijawahi kumwona akifanya hivi.”