Tuweke fungu la mtoto kabla ya mizani



Kila mwisho wa sezoni tunapanga foleni na maharagi mbele ya mizani. Tunahesabu magunia, tunahesabu pesa, na hakuna mwenye kuuliza watoto watabaki na nini. Maharagi yanaenda mjini. Nyumbani kunabaki bugali ya muhogo na sombe kidogo. Mtoto anashiba, lakini mwili haujengwi, juu muhogo unatoa nguvu tu. Proteini yake ni kidogo sana.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 (EDS) ulionyesha kwamba katika Congo, watoto 43 kwa 100 wenye chini ya miaka 5 wamedumaa. Kivu zetu mbili zilikuwa juu ya hesabu hiyo, ijapokuwa tuko na udongo mzuri na sezoni mbili kwa mwaka.

Wengi wanalaumu mama. Mimi sikubali. Mama anapika kile kimebaki. Chakula cha mtoto kinaamuliwa shambani na kwenye mizani, na pale mara mingi ni baba ndiye anasema.

Tupige hesabu. Mtoto akikula gramu 60 za maharagi makavu kila siku, sawa kiganja kimoja hivi, kwa mwaka ni kilo 22. Kwa kila sezoni, A na B, ni kilo 11. Mwenye watoto 4 aweke kilo 44 pembeni. Mwenye kuvuna kidogo aanze na wale wadogo.

Najua mtaniuliza: na pesa ya masomo? Na sabuni? Ni kweli, kilo 44 ni pesa. Lakini mtoto aliyedumaa anasoma kwa shida, na kilichopotea katika miaka 2 ya kwanza ni vigumu sana kukirudisha. Tukiuza chakula chake ili tumlipie masomo, tunajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Kisha kuna mazoea. Mtoto hazoei lengalenga kwa fimbo, anazoea kwa kuona. Baba akiiacha kwenye sahani, mtoto naye ataiacha. Akikataa leo, mpe tena kidogo kesho. Inaweza kufika mara 8 mpaka 10 mbele ya kuipenda. Iweke mafuta ya mawese kidogo, yanasaidia mwili kupokea vitamini A. Na sambaza zisiishie kwenye sahani ya baba peke yake. Yeye amekwisha kukomaa. Mwenye kukua ni mtoto.

Pendekezo langu ni hili: kwenye mkutano mkuu wenye kuja, tuandike katika kanuni zetu kwamba kila mwanamemba atoe kwanza fungu la mtoto, ndipo apeleke magunia kwenye mizani. Koperative haitapoteza kitu. Wale watoto ndio watashika majembe yetu, na ndio watashika pia vitabu vya hesabu vya koperative hii.