Vidonge Vilivyoachwa Kimya Kimya



Baadhi ya wazee wetu waliozoea kuketi mbele kanisani sasa huketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Wapo wanaodhani kwamba ibada imewachosha. Sisi tunaowatembelea majumbani tunajua sababu nyingine: wanahofia kwamba mahubiri yatakuwa marefu kuliko uwezo wa kibofu chao. Juma hili tunataka kusema juu yao, na hasa juu ya dawa wanazopewa na jinsi wanavyoziacha. Hatutoboi siri ya mtu yeyote. Tunasema yale tuliyoyasikia barazani kwa wengi, yakifanana.

Tezi dume iko chini ya kibofu na huuzunguka mrija wa mkojo. Kadiri umri unavyosonga, tezi hiyo hukua. Karibu nusu ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60 wana ukuaji huo, na kwa waliopita miaka 80 hufikia asilimia 90. Ukuaji huu si saratani, ingawa saratani nayo yaweza kuwapo, ndiyo maana vipimo havikwepeki. Mzee huamka mara nne usiku, mkojo hutoka kwa kusitasita, na akimaliza huhisi hajamaliza.

Hospitalini mara nyingi hupewa tamsulosini, dawa inayolegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu. Wengi hupata nafuu ndani ya siku au majuma machache. Lakini dawa hiyo yaweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama ghafla, akapatwa na kizunguzungu. Tena yaweza kumfanya mume asitoe mbegu, au atoe kidogo sana, katika tendo la ndoa. Dawa nyingine, finasteridi, hupunguza ukubwa wa tezi yenyewe, ila kwa mwendo wa kinyonga: huweza kuchukua miezi 6 au zaidi kabla nafuu haijaonekana vema, na kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu na nguvu za kiume.

Hapo ndipo taabu huanza. Mzee aliyepewa tamsulosini bila maelezo hukuta jambo geni chumbani, akadhani amelogwa, au kwamba uanaume wake umekwisha. Hamwambii mkewe. Hamwambii daktari, ambaye pengine ni binti wa umri wa mjukuu wake. Huviacha vidonge kimya kimya. Mwenye finasteridi naye, baada ya mwezi 1 bila kuona tofauti, hukata shauri kwamba fedha zake zinapotea bure. Mke, kwa upande wake, huona amegeuziwa mgongo, akashuku kwamba yuko mwingine. Ndoa ya miaka mingi hutikiswa na kidonge ambacho hakuna aliyekitaja.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mkojo waweza kuziba ghafla usiku wa manane, kwa maumivu makali, na mzee akakimbizwa hospitali kuwekewa mpira. Ukizuilika kwa muda mrefu, figo huharibika.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kila aliyeandikiwa dawa lazima aimeze hadi kufa. Ambaye dalili zake ni nyepesi huweza kuangaliwa tu bila dawa, na kwa wengine upasuaji hufaa zaidi. Mgonjwa ana haki ya kukataa. Tunachokipinga ni kukataa gizani. Kukosa mbegu kwa sababu ya tamsulosini hakudhuru mwili, na kwa kawaida hali hurudi dawa ikiachwa. Laiti mzee angeambiwa hayo tangu siku ya kwanza, angeamua akiwa na amani. Kwa hiyo anayetoa dawa anadaiwa maelezo hayo, hata kama foleni ni ndefu, na mgonjwa anadaiwa ukweli.

Wazee wetu, semeni. Mkiamka usiku, keteni kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Mkienda kupasuliwa mtoto wa jicho, mwambieni daktari kwamba mnatumia au mliwahi kutumia tamsulosini, kwa kuwa dawa hiyo huathiri mboni wakati wa upasuaji. Mkipimwa damu kipimo cha PSA, itajeni finasteridi, maana hushusha kiwango hicho kwa karibu nusu na huweza kumpotosha msomaji wa majibu. Msinunue ovyo dawa za mafua, kwani baadhi yake huziba mkojo. Nanyi akina mama, ulizeni kwa upole kabla ya kushuku.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, humpa tabibu heshima yake na hufundisha kwamba dawa hutoka kwa Mungu. Basi kumweleza tabibu mambo ya mwili wetu si aibu. Nasi tulio na miaka arobaini na kitu tunayasema haya tukijua kwamba zamu yetu yaja.

Parokiani pia tuna deni letu: choo kisichofungwa kwa kufuli wakati wa Misa, na mahubiri yenye kiasi. La pili tutaanza kulilipa Dominika hii.