Picha ya mwigizaji kaunta na swali la malipo ya marudio

Mwishoni mwa Agosti 2018, mteja mmoja wa duka la vyakula mjini Clifton, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, alimpiga picha keshia aliyekuwa kazini kwenye kaunta ya malipo. Keshia huyo alikuwa Geoffrey Owens, ambaye mamilioni ya watazamaji walimfahamu kama Elvin, mkwe wa familia ya Huxtable katika tamthilia ya The Cosby Show. Gazeti la Daily Mail la Uingereza liliichapisha picha hiyo, Fox News nayo ikaichukua, na ujumbe uliobebwa na vichwa vya habari ulikuwa mmoja: tazameni alipoangukia nyota wa jana.

Kejeli hiyo haikudumu. Waigizaji wenzake walijitokeza mmoja baada ya mwingine kueleza kazi walizowahi kufanya ili kulipa kodi ya nyumba. Tarehe 4 Septemba, siku moja baada ya sikukuu ya wafanyakazi nchini humo, Owens alihojiwa kwenye televisheni ya ABC akiwa amevaa kofia na kitambulisho cha duka hilo. Alisema hakuna kazi iliyo bora kuliko nyingine, na kwamba hahitaji kuhurumiwa. Mtayarishaji Tyler Perry alimpa nafasi katika tamthilia ya The Haves and the Have Nots. Mwanamuziki Nicki Minaj alimtolea dola 25,000, nazo Owens akazikabidhi kwa mfuko wa kuwasaidia waigizaji wenye shida.

Wengi waliifunga habari hapo, kwa furaha. Lakini neno "kuanguka" halikuwa sahihi tangu mwanzo. Owens, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Yale na mtoto wa mbunge wa zamani wa New York, Major Owens, hakuwahi kuacha sanaa. Alifundisha uigizaji, aliongoza michezo ya jukwaani na kuonekana katika tamthilia kwa vipande vidogo vidogo. Hesabu ndiyo iliyokataa kutimia. Alichagua kazi ya duka kwa sababu saa zake zilimruhusu kwenda kwenye usaili pale simu ilipolia, na alikuwa ameifanya kwa miezi 15 kabla ya picha ile.

Sehemu ya hesabu hiyo ni kile ambacho sisi katika vyumba vya habari hukiita "malipo ya marudio", kwa kukosa neno lililokubalika zaidi. Chini ya mikataba ya chama cha waigizaji wa Marekani, kipindi kinaporushwa upya, mwigizaji hulipwa tena, japo kwa kiwango kinachopungua. Mwaka 1960 waigizaji wa filamu waligoma kudai haki kama hiyo, wakiongozwa na Ronald Reagan, miaka 20 kabla hajachaguliwa kuwa rais. The Cosby Show ilimalizika mwaka 1992, lakini marudio yake yaliendelea kumletea Owens chochote. Kuanzia mwishoni mwa 2014, tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya Bill Cosby zilipoongezeka, vituo vya televisheni viliiondoa tamthilia hiyo hewani. Cosby alitiwa hatiani Aprili 2018, na Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikaifuta hukumu hiyo mwaka 2021. Owens hakuhusika na lolote kati ya hayo, ila mfuko wake ulihusika, na yeye mwenyewe alikiri kwamba kuondolewa kwa marudio kulimuumiza kifedha.

Mambo hayo ndiyo yaliyokuwa mezani mwaka 2023, waigizaji wa Marekani walipogoma kwa siku 118. Majukwaa ya kutazama filamu kupitia intaneti hayana ratiba ya marudio kama ya televisheni. Tamthilia hukaa humo usiku na mchana, na malipo hayakuwa yakifuata idadi ya watazamaji. Mkataba wa Novemba mwaka huo uliongeza nyongeza kwa kazi zinazotazamwa sana. Kwa mwigizaji wa kipande kimoja katika tamthilia ya kawaida, badiliko hilo ni dogo. Mwishoni mwa 2024 Owens alieleza katika mahojiano ya redio kwamba bado anahangaika kupata riziki, huku watu wakidhani alishatajirika zamani.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuvuka bahari kuiona sura hii. Februari 2021, Joseph Kinuthia, aliyejulikana kama Omosh katika Tahidi High ya Citizen TV ya Kenya, aliomba msaada hadharani baada ya janga la corona kumwacha bila kazi. Wakenya walichanga, na ndani ya miezi michache, aliposema bado ana shida, baadhi yao wakamgeuka kwa hasira. Mjadala ulihusu tabia ya mtu mmoja. Wachache waliuliza mkataba wa mwigizaji wa tamthilia ya shule iliyorushwa miaka kadhaa ulisema nini kuhusu siku ambayo kamera ingezimwa.

Kisheria, msingi upo. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliwalinda zaidi wasanii wa sauti. Mwigizaji akishakubali kurekodiwa kwenye picha, kinga yake humo hukoma. Mkataba wa Beijing, ulioanza kutumika Aprili 2020, uliziba pengo hilo, lakini unaziruhusu nchi kuamua kwamba haki za kuidhinisha matumizi zihamie kwa mtayarishaji pindi mwigizaji anapokubali kurekodiwa. Unasema pia kwamba sheria ya nchi au mkataba wa mtu binafsi unaweza kumbakizia mrabaha. Kenya ina chama cha kukusanya mirabaha ya wasanii watendaji, kinachowajumuisha waigizaji. Hata hivyo, chama hakiwezi kumdaia mwanachama haki aliyoiuza yote kwa saini moja, asubuhi ya siku ya kwanza ya kurekodi.