Tochi Haimwoni Anayetambaa

Kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani, Tanzania

YAH: MAGARI YANAYOTAMBAA KATIKA BARABARA KUU

Afande Kamanda,

Nakuandikia nikiwa abiria wa barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, inayobeba shehena za Zambia na Kongo pamoja na sisi tunaokwenda misibani na harusini.

Vita dhidi ya mwendokasi naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini tochi ya kupimia mwendo inamwona anayekimbia tu. Anayetambaa kwa 40 panaporuhusiwa 80, kwenye tambarare, hana mzigo wala gari bovu, simu sikioni, anapita salama usalimini. Nyuma yake kuna msururu mrefu, na ndani yake dereva wa basi anayeishiwa subira.

Tupige hesabu. Basi linakwenda 80, na haliruhusiwi kuzidi hapo. Mbele yake semitrela linakwenda 60. Ili lilipite na kurudi upande wake, basi litakaa upande usio wake sekunde 12 au 13, na kwa muda huo litakuwa limekula kama mita 280. Gari linalokuja kwa 80 nalo litakuwa limekula kiasi hichohicho. Panahitajika zaidi ya nusu kilomita iliyo tupu na inayoonekana. Hiyo ni semi moja. Zikiongozana nne, kichwa cha hii kimegusana na tela la ile, huna pa kujichomeka. Aliyekwisha kutoka hana budi azimalize zote, na akigongana uso kwa uso, kosa linaandikwa lake peke yake.

Simlaumu dereva wa lori anayepanda mlima wa Kitonga na kontena mgongoni. Pale gia ndogo ndiyo usalama, na anayeteremka taratibu anatuokoa sote. Wengi wao ni waungwana: huwasha indiketa ya kushoto kukuambia mbele kweupe, ya kulia kukuonya usitoke. Ila indiketa hiyohiyo ya kushoto ni ya anayetaka kukata kona kushoto pia. Roho za basi zima zinategemea madereva wawili wasiofahamiana waelewane kwa taa moja inayomweka. Mimi hili linanitisha kuliko mwendokasi.

Naomba askari wako, wanaposimama na tochi, waitazame na foleni. Lori linaloburuza msururu lisogezwe pembeni dakika mbili, wengine wapite. Malori yanayosafiri pamoja yaachiane nafasi ya kuingia basi zima. Mwenye gari dogo anayetambaa bila sababu asimamishwe aulizwe, na akirudia atozwe faini. Na kwa kuwa huwezi kumwambia mtu asogee pasipo na pa kusogelea, kaeni na Wakala wa Barabara, TANROADS, muwaonyeshe sehemu zinazohitaji kupanuliwa mabega ya barabara. Ninyi mnazijua, maana ndiko mnakoitwa usiku kupima ajali.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa barabara ya Tunduma