Cosmosophy Haikumsaliti Mtu

Tumechoka. Tangu Septemba 2012, Blut Aus Nord wa Ufaransa walipotoa Cosmosophy, albamu ya tatu na ya mwisho ya 777, wako mashabiki wa blaki metali wenye wimbo mmoja tu: eti kiongozi wao, Vindsval, katusaliti, kaacha kunguruma, anaimba kwa sauti nyororo kama mwanakwaya.

Tunawauliza: zile mbili za 2011 mlizisikiliza kweli? Nyimbo zote za 777 zinaitwa Epitome, nazo zimehesabiwa mfululizo. Sect(s) ina I hadi VI, The Desanctification VII hadi XIII, Cosmosophy XIV hadi XVIII. Hesabu haikuanza upya hata mara moja. Kazi ni moja, nanyi mnaikata mkia na kuulaumu mkia! Tena mwendo ulishapungua kwenye The Desanctification, ngoma zikipiga polepole kama mashine, mkasifu. Leo mwendo uleule umekuwa dhambi?

Tunakiri kwamba hata baadhi yetu usiku wa kwanza tuliizima. Tulitaka ghadhabu ya Sect(s) irudi. Lakini sisi wa ughaibuni, ambao kila tukienda nyumbani likizo twaambiwa tumebadilika, hata Kiswahili chetu kina lafudhi ya ajabu, tutamhukumuje mtu kwa kubadili sauti?

Anayetaka ghadhabu, Sect(s) ipo, hakuna aliyemnyang'anya. Aiweke tena, atuache na yetu tusikilize.