Simu ya Saa Mbili Usiku

Simu imewekwa dirishani kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika. Mwalimu wa Haneti, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, ameshasahihisha madaftari, ameshaepua ugali. Ujumbe unaingia kwenye grupu la kazi: "Ndugu walimu, takwimu za mahudhurio zifike kabla ya saa nne usiku huu." Takwimu ziko kwenye rejista, na rejista iko shuleni. Anachukua tochi.

Tukizungumzia kazi za mbali na msongo wake, mawazo hukimbilia Dar es Salaam, kwa mtu mwenye kompyuta mpakato mezani. Januari 2025, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana huko kujadili nishati, watumishi wa umma wa jiji lile walielekezwa kufanyia kazi nyumbani kwa siku mbili ili barabara zipumue. Wengi walilipokea kama jambo jipya. Kwa mwalimu, muuguzi wa zahanati, afisa ugani na mtendaji wa kijiji, lilianza siku bosi wa wilayani alipoingia ndani ya simu. Mchana wapo kazini kwa miguu, usiku kwa kidole.

Mifumo ya kidijitali siipingi. Aliyewahi kulipa nauli kutoka Haneti hadi makao makuu ya Halmashauri ya Chamwino kupeleka fomu moja hatataka turudi huko. Hata PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya OPRAS, unampa mtumishi mahali pa kuonyesha alichofanya. Lakini kazi imehamia kwenye simu ya mtumishi, bando lake na usiku wake, na hakuna aliyeketi kupiga hesabu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Saa hizo zilihesabika kirahisi kazi ilipokuwa na mlango wa kufunga. Dakika kumi za usiku, ishirini za Jumapili baada ya ibada, nani anaziandika? Na kungoja kunachosha kuliko dakika zenyewe. Mtu hazimi simu, maana kesho ataulizwa mbele ya wenzake kwa nini hakuona ujumbe. Analala sikio likiwa dirishani.

Nitaambiwa utumishi hauna saa, kwamba mama mjamzito haji kwa ratiba. Ni kweli, na sijaona muuguzi akinung'unika kuamshwa kwa ajili ya mzazi. Takwimu za mahudhurio hazina uchungu. Anayezidai usiku naye kadaiwa na aliye juu yake, na huenda huyo alijua tangu asubuhi kwamba atazihitaji.

Ufaransa iliingiza kwenye sheria haki ya kutopatikana baada ya kazi tangu 2017. Nchini Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa aina hiyo 2022. Sisi tunaweza kuanza na waraka wa ukurasa mmoja wa mkurugenzi: saa kumi na mbili jioni grupu linyamaze, dharura ipigiwe simu, takwimu ziombwe siku mbili kabla, bando liingie kwenye bajeti kama karatasi na kalamu.

Ningeanza na bando, ingawa wahasibu watabisha. Halmashauri ikililipia itataka kujua limetumika lini, na hapo usiku wa mwalimu wa Haneti utaandikwa mahali.